Urea Iliyovikwa Ganda

Mama Pacha hakuumbwa kukaa kitako. Likizuka jambo jipya, sharti alijaribu yeye kwanza. Kwa hiyo siku bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alipommiminia kiganjani punje za kijani, macho yalimtoka.

"Hii ni urea ile ile unayoijua," bibi shamba alisema, "ila kila punje imevikwa ganda. Maji yanaingia polepole, mbolea inatoka polepole. Unaifukia pembeni ya mbegu siku ya kupanda, basi."

"Sirudii tena?"

"Hurudii."

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyelima nusu ya pili ya shamba lao. Aliposikia habari hizo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mbolea imevaa koti la mvua! Wifi, kesho utaniambia inataka na viatu."

"Cheka tu. Tutaonana kwenye mahindi."

Mwanzoni kicheko kilikuwa na haki yake. Wifi alitia urea ya kawaida, mahindi yake yakachomoka kwa fujo, ya Mama Pacha yakabaki yanasuasua. Kila asubuhi Mama Pacha alipita mistari yake akiinama na kuinuka. Mara mbili aliazima kopo la urea ya wifi ili aongezee. Mara mbili akalirudisha bila kulifungua.

Kisha wifi akatia awamu ya pili. Jioni hiyo hiyo mvua ikashuka, ikanyesha siku nne bila kupumua. Mitaro ilijaa, matuta yakalainika kama uji.

Siku ya tano kulipokucha kukavu, Mama Pacha alitimua mbio peku hadi shambani. Akapiga magoti kwenye tope, akachimbua kwa vidole karibu na shina. Punje ya kwanza ilikuwa ganda tupu. Akaguna. Akachimbua tena. Ya pili ilikuwa imevimba, ngumu kidogo, na alipoiminya kwa kucha, tone la maji ya mbolea likamrukia shavuni.

"Bado imo!" alipiga kelele. "Jamani, bado imo!"

Wifi akatokea mbio na jembe begani. "Yuko wapi? Nimuue!"

"Nani?"

"Nyoka!"

Mama Pacha alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Alipopata pumzi akamwonyesha punje nyingine, nzima, zikiwa na mbolea yake ndani. Wifi alizigeuzageuza kiganjani. Kisha akatazama mtaro uliokuwa bado unabubujika kutoka upande wake, ukiondoka na urea yake.

Baada ya wiki mbili hakukuhitajika mwamuzi. Mahindi ya wifi yalianza kugeuka manjano kuanzia majani ya chini. Ya Mama Pacha yalikolea kijani hadi yakawa meusi ukiyatazama kwa mbali. Siku ya mavuno yeye alifunga magunia kumi na mawili, wifi saba. Mama Pacha alirukaruka katikati ya magunia kama binti wa miaka kumi, mumewe akimsihi asije akateguka mguu.

"Haya, nimeshindwa," wifi alisema, akipangusa jasho. "Lakini usinitangaze kwa ndugu."

"Nimeshawapigia simu wote."

"Wifi!"

Msimu uliofuata walipanda pamoja, kwenye mstari mmoja. Wifi alitangulia akichimba vishimo, Mama Pacha akafuata na ndoo ya punje za kijani, na kila baada ya hatua chache mmoja wao alisikika akimwambia mwenzake aongeze mwendo.