Jetoni ya Thelathini na Moja

Alhamisi, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, lango la depo la chakula kando ya barabara ya Songo lilikuwa wazi, na kufuli lake lilining'inia kwenye komeo likiwa zima. Walinzi walikuwa wamelifungua wenyewe kabla ya kuondoka, kila mmoja na katoni ya mafuta kichwani, kwa kuwa wakubwa wao walikuwa wamekwisha kutoka Uvira kwa boti wakikimbia vita, na hakuna aliyebaki wa kuwaamuru chochote. Sharifa aliliona kufuli kwanza. Kisha akawatazama vijana.

Walikuwa zaidi ya mia, wakisukumana. Sharifa alikuwa katibu wa kartie, ofisi ya mtaa, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ameandika orodha: ya waliofukuzwa na maji ya ziwa, ya vyandarua, ya vyoo. Miaka miwili kabla, siku ya kugawa blanketi, wanawake wawili walikanyagwa langoni wakafa. Majina yao nayo aliyaandika yeye.

Akapanda juu ya kreti ya bia.

"Rudini nyumbani!"

"Mama Walid, nyumbani kuko nini?" sauti ikamjibu. "Twende basi, utupikie upepo!"

Wakacheka. Mbele kabisa alisimama Mapendo, binti aliyepata diploma ya ualimu miaka minne iliyopita na tangu hapo anauza mandazi. Aliinua kipande cha katoni chenye muhuri wa kartie.

"Mama, minye niko namba tatu. Tangu mwezi wa tatu niko nangoja. Leo utaniita, ao hapana?"

Kipande kile kiliitwa jetoni. Mwezi wa tatu, Sharifa alikata sitini na mbili kutoka katoni za sabuni, akazigawa kwa vijana walioandikishwa kuzibua mifereji. Kila mwenye jetoni angeitwa kazini kwa zamu yake. Hakuna aliyeitwa. Jumatatu baada ya Jumatatu walikuja kuuliza, naye aliwaambia wangoje. Sasa wengi walikuwa nazo mkononi, kana kwamba wameitwa.

Nyuma mtoto alipiga kelele, amebanwa ukutani. Sharifa akatoa mfukoni kaye yake, daftari la orodha. Baadaye aliulizwa alichokuwa anafikiri, akajibu kwamba hakuwa anafikiri, alikuwa anafanya kazi aliyoizoea.

"Namba moja," aliita.

Msukumano ukakoma. Wakapanga mstari. Wasio na jetoni walisimama nyuma ya wenye nazo, na hakuna aliyebisha. Kila aliyeitwa aliingia, akatoka na mfuko mmoja wa unga, naye Sharifa akaweka alama kwenye namba yake. Kazi ilikwenda vizuri kuliko ugawaji wowote aliowahi kuusimamia.

Saa nne na robo gari la polisi wachache waliobaki likatokea kona ya soko. Risasi mbili zilipigwa hewani. Wote wakakimbia, na Sharifa akakimbia pia. Alikuwa amefika namba thelathini.

Mmoja hakukimbia. Aliitwa Libérat, kijana wa Katogota, aliyekuja kukaa Songo kwa shangazi yake Generose vita vilipofika kwenye mashamba yao ya uwanda wa Rusizi. Polisi walimkuta amesimama langoni, mikono haina mfuko, ameshika jetoni ya thelathini na moja, wakamkamata.

Jumatatu Shefu Kitenge, mkubwa wa kartie, alikuja nyumbani kwa Sharifa na karatasi ya ripoti. Alikaa bila kukaribishwa, akavua kofia.

"Komanda Basile anataka sababu ya uporaji. Andika: vijana wa Rusizi, na pombe. Mistari miwili, tulale."

"Pombe nani aliiona?"

"Mama Walid! Pombe haihitaji shahidi."

"Na vijana wa Rusizi?"

"Mumoja iko mu kasho. Banasema yeye njo aliita namba. Kesho banamupeleka gereza kubwa."

Sharifa aliweka kikombe chini. "Kitenge, ni minye niliita."

"Najua. Hata dagaa banajua." Alipangusa jasho. "Lakini Komanda alikuwa anatafuta mutu, amepata mutu. Weye unatafuta nini tena? Ile kaye choma. Mutoto yangu iko namba tisa."

"Yuko. Alitoka na mfuko wa unga, akarudi kuomba na mafuta. Nikamfukuza."

"Unaona? Choma."

Alipoondoka, Generose alipita njiani na chungu cha maharage kichwani, anampelekea Libérat kasho, mahabusu ya polisi. Alisalimia kama kawaida, kwa Kirundi chake kilichochanganyika na Kiswahili, akaendelea kutembea. Alikuwa amepita hivyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Jumanne asubuhi Sharifa alifungua kaye juu ya meza. Majina yalikuwa kurasa za mbele; namba na alama zilikuwa za nyuma. Hakuwahi kuharibu ukurasa hata mmoja katika miaka kumi na moja. Alichukua wembe, akakata kurasa za majina, akazitia jikoni chini ya sufuria ya chai. Chai haikuchemka kwa moto ule. Akaongeza makaa, akanywa, akaenda polisi.

Komanda Basile alikuwa na kiti kimoja, akampa Sharifa, mwenyewe akaegemea dirisha. Alikuwa hajanyoa.

"Mama, kama umekuja kulilia ule kijana, shangazi yake ameshalia yote."

"Sikuja kulia. Aliyeita namba ni mimi. Andika."

Sharifa akafungua kaye, akaionyesha mstari kwa mstari. Alama thelathini. Kwenye thelathini na moja, hakuna kitu.

Basile alivuta droo, akatoa jetoni ya Libérat, akailinganisha na mwandiko wa kaye.

"Mwandiko ni wako."

"Wangu."

"Na majina?"

"Nimeyachoma asubuhi hii."

"Hilo nalo niandike?"

"Liandike. Ni kweli."

Basile alicheka kidogo bila furaha, akavuta fomu. "Kuna mahali pa sababu. Shefu wako ameniambia pombe. Nipe neno moja, mustari ni mufupi."

"Halitoshi neno moja."

"Basi sema, nitaandika nyuma."

"Mwezi wa tatu vijana sitini na wawili waliandikishwa kuzibua mifereji. Mwezi wa saba trakta ililetwa, ikazibua mifereji yote kwa siku mbili. Hakuna aliyewaambia kwamba kazi imekwisha. Mimi nilijua. Niliwaambia wangoje, kwa sababu sikuwa nimepewa jingine la kuwaambia. Alhamisi walinzi waliacha lango wazi."

"Njo sababu hiyo?"

"Ndiyo ninayoijua. Nyingine sikuiona."

Aliandika polepole, akageuza karatasi, akamaliza. Kisha akaagiza Libérat aletwe.

Kijana aliingia bila viatu, suruali ameishika kwa mkono kwa kuwa mshipi walimvua. Alimwona Sharifa na kaye mezani.

"Mama," alisema, "yangu ilikuwa imefika?"

"Ilikuwa inafuata."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

Saa tano kasoro robo Libérat alitia kidole gumba kwenye wino, akarudishiwa viatu na mshipi, akatoka na Generose. Jetoni haikurudishwa, ilibandikwa kwenye faili. Sharifa aliweka mezani viatu vyake, saa yake na funguo za ofisi ya kartie, akaomba viandikwe vyote vitatu. Saa tano na dakika tano Basile alimfungia mlango wa kasho.