Roboti ya Dimitri Haina Ngozi

Dimitri, mkuu wa ofisi ya programu, alikuwa na viatu vinavyong'aa kupita akili zake. Alirudi Kolwezi na roboti yake ya kujaribu programu, akaitangaza ofisini kama mtu aliyepata mapacha. Roboti ilibofya kila kitufe na kusoma hata yale maandishi madogo yanayojitokeza kishale cha kipanya kikitua juu ya alama. Majaribio mia mbili, yote kijani, yaani yamepita.

Ilibaki sahihi ya Honorine, mkaguzi wa programu. Akiitia, Jumatatu programu ingeanza kuendesha mabomba ya kiwanda kimoja cha shaba kwenye njia ya Mashamba. Na Jumatatu hiyohiyo Kalumba, mume wake, angeingia ndani ya tangi la kiwanda hicho kulisugua.

Honorine alikwenda kiwandani na ripoti mkononi, Dimitri akimfuata huku akikwepa matope. Chumba cha mitambo hakikuwa na kipanya. Kilikuwa na kioo cha kugusa kwa kidole, na juu yake alama mbili za bomba zilizofanana kabisa. Moja ya maji, nyingine ya asidi, zote zikimwaga ndani ya tangi. Majina yao yalikuwa kwenye yale maandishi madogo, na pale hayakujitokeza kamwe, maana kidole kikigusa tu, bomba limekwisha kufunguka.

“Patron, maandishi iko wapi?”

“Roboti ilisoma yote, mama. Tia sahihi.”

“Ilisoma nyuma ya kioo, ndani ya programu. Mutu wa hapa atasoma na nini?”

“Bataizoea. Ya kushoto ni maji. Nazani.”

Nazani! Damu ilimchemka Honorine. Mtu mzima, diploma tatu ukutani, anabahatisha asidi juu ya mgongo wa mume wa mwenzake.

Kiwandani pale kuna desturi: anayeleta kitu kipya husimama kwanza mahali pa mfanyakazi. Mafundi waliokuwa chumbani waliijua, wakamgeukia Dimitri. Honorine alifungua mlango wa upande wa tangi, lililokuwa tupu.

“Basi ingia mule, patron. Mi nitafinya ya kushoto.”

Dimitri alitazama tangi, akatazama zile alama mbili, akatazama viatu vyake. Ghafla akakumbuka ana mkutano mjini.

“Ingia, patron. Si yote ni vert, kijani kabisa?”

Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Honorine aliweka ripoti mezani, akaandika kwa herufi kubwa: HAIKUPITA. Akamkabidhi. Safari hii Dimitri alisoma kwa macho yake mwenyewe.