Kano la Kisigino

Askari wa Mjerumani walipoteremka bonde la Kilombero kuwasaka watu waliokunywa dawa ya maji, walichukua mpunga na kuchoma uliobaki. Severini, mvuvi wa Ifakara, walimkamata akianika nyavu, wakamtwika gunia la mpunga wa jirani yake. Njiani alilitupa, akakimbilia kwenye matete. Askari mmoja alimfikia, akamkata kwa singe ya bunduki yake nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, kisha akamwacha hapo hapo. Alijua hatafika mbali.

Mkewe, Tekla, alimkuta akitambaa kwenye tope. Alimbeba hadi nyumbani, akamwosha jeraha. Damu haikuwa nyingi, ila wayo ulikuwa umelegea.

"Kanyaga mkono wangu," alimwambia. "Sukuma kwa nguvu."

Severini alijikaza mpaka jasho likamtoka. Vidole vilicheza kidogo, lakini hakuwa na nguvu ya kusukuma. Badala yake nyama ya shavu la mguu ilijikunja, ikapanda kuelekea gotini, ikawa donge.

Tekla aliogopa, kwa sababu alielewa alichokiona. Baba yake alikuwa mwindaji wa sheshe, swala wa bondeni, na Tekla ndiye aliyekuwa akiwachuna. Mara nyingi alikuwa ameivuta ile kamba nyeupe ya nyuma ya mguu wa mnyama aliyekufa na kuona ukwato ukinyooka kana kwamba mnyama anataka kuruka.

"Nyama yako ingali na nguvu," alisema. "Inavuta. Ila kano linaloishika kwenye mfupa wa kisigino limekatika. Inajivuta yenyewe bure."

"Litaunga?"

"Sijui. Nijuavyo, ncha zake zikikaa mbali hazitaunga."

Alimkunja goti, akaelekeza vidole vya mguu chini, akapapasa ndani ya jeraha huku mumewe akiuma kitambaa, mpaka akahisi ncha mbili zimegusana. Akapaka asali. Akaufunga mguu kwa vipande vya matete na kamba za magome ya mti, wayo ukiwa umeelekezwa chini vile vile.

"Usisimame," alimwonya. "Ukisimama, nyama itavuta na kano litaachana tena."

Siku iliyofuata watu wa kijiji walianza kuhamia Masagati, mbali kule juu ya bonde. Mama yake Tekla, mzee asiyeona vizuri, alikuwa hatembei bila bega la binti yake. Alikuja na mkeka kichwani, tayari kwa safari.

"Twende, mwanangu."

"Mama, Severini hawezi safari ndefu."

"Niacheni mimi," Severini alisema kutoka sakafuni. "Tekla, nenda na mama."

Tekla alimtazama mumewe, akamtazama mama yake. Kisha akamwita jirani yao, Raimundi, akamshikisha mkono wa mama.

"Nakuomba, kaka. Umfikishe."

Mama hakulia. Alipapasa uso wa binti yake, akaenda.

Tekla alimburura Severini juu ya mkeka mpaka kwenye matete ya bondeni, wakajificha humo. Walikula mizizi ya yungiyungi na kambare wadogo. Severini alikonda, na shavu la mguu uliofungwa likasinyaa likawa kama la mtoto. Jeraha lilifumba polepole. Hatimaye Tekla alifungua kamba, akaweka kiganja chini ya wayo.

"Sukuma."

Wayo ulisukuma, kwa unyonge, lakini ulisukuma. Tekla alilia kwa sauti mpaka Severini akamziba mdomo.

Mvua zilipopungua walianza safari, Severini akiegemea fimbo. Karibu na Mbingu walimkuta Raimundi akirudi peke yake.

"Mama aliketi njiani, akashindwa kuinuka," alisema. "Njaa ilikuwa imetumaliza wote. Nilimbeba, nikaanguka naye. Akaniambia nimwache, niwawahi wanangu."

"Umemzika?"

"Nimemzika, dada. Nitakuonyesha."

Kaburi lilikuwa kando ya njia, fupi, limefunikwa kwa matawi. Tekla alipiga magoti. Severini alisimama nyuma yake kwa mguu wake uliopona.

"Ungeniacha mimi," alisema.

"Nyamaza."

"Tekla—"

"Nimekwambia nyamaza. Tafuta mawe, fisi wasimfukue."

Severini akachechemea kwenda kutafuta mawe. Walijenga nyumba hapo Mbingu, wakalima, wakapata watoto. Severini alivua tena, ingawa hakuweza kukimbia. Lakini kila alipomsifu mkewe mbele ya watu kwamba ndiye aliyemrudishia mguu, Tekla aliinuka na kutoka nje.