Paja la Farasi

Mume wangu ni fundi wa pampu za maji, na ukikaa naye dakika tano tu atakupima wewe na ukoo wako kwa nguvu za farasi. Mteja akija na mota iliyoandikwa kilowati moja na nusu, anamwambia, "Hao ni farasi wawili hao, wape kazi." Farasi mmoja ni wati mia saba arobaini na sita. Hesabu hiyo naijua kuliko tarehe ya harusi yangu, na mimi ni mshonaji, farasi mwenyewe sijawahi hata kumgusa.

Basi daktari akakuta uvimbe kwenye pafu la mume wangu. Akatueleza kwamba kabla ya kumpasua lazima apandishwe baiskeli ya hospitali, ile isiyokwenda popote, yenye kioo kinachosoma wati. Akifikisha themanini, wanautoa uvimbe. Asipofikisha, kifua hakitahimili kisu, na dawa nyingine ya kumponya hakuna. Mume wangu akacheka.

"Themanini ni sehemu ya tisa ya farasi," akaniambia tukiwa njiani. "Farasi mzima wa nini? Nipate paja lake tu."

Hakulaza damu. Alitafuta baiskeli kuukuu, akainua gurudumu la nyuma juu ya matofali, akalifunga mkanda mpaka kwenye altaneta ya gari bovu, ile ya kufua umeme, akaunganisha glopu mbili. "Kila moja wati arobaini," akanionyesha. "Zikiwaka nyeupe zote mbili, ujue paja limepatikana."

Siku ya kwanza ziliwaka nyekundu, kama kaa linalozimika. Akakohoa mpaka akashika ukuta. "Jikaze kisabuni, baba watoto," nikamwambia, kisha nikakimbilia jikoni nikafungulia bomba, asinisikie ninavyolia.

Kesho yake, we! Zikang'aa. Nyeupe, zote mbili! Nilipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia dirishani. Tangu hapo kila asubuhi navuta kigoda changu, nakaa kumtazama na domo langu: kanyaga, mzee, kanyaga! Nikaanza hata kumshonea shati la kulalia hospitalini, lenye vifungo mbele, lisije likamkwaruza kidonda.

Siku ya kipimo ikafika. Akapanda, akakanyaga, jasho likamtiririka. Kioo kikapanda mpaka arobaini na tano, kikagoma.

"Mashine yenu mbovu!" nikamjia juu muuguzi. "Huyu nyumbani anawasha themanini, nimeona kwa macho yangu haya! Mpimeni tena!"

"Tumempima mara mbili, mama," akasema taratibu.

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Anatazama viatu vyake. Daktari akasema hatampasua. Akamwandikia vidonge vya maumivu, basi.

Tulipofika nyumbani moto ulikuwa unaniwaka. Nikaiendea ile baiskeli niivunjevunje. Nikaanza na glopu, nikaifungua, na mkono ukiwa juu tayari kuibamiza nikaona maandishi kwenye kitako chake. Kumi na tano. Nikafungua ya pili. Kumi na tano.

"Ulizibadilisha lini?"

Alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha cherehani, anahema. "Siku ile ile ya kwanza, ulipolala," akasema. "Bomba halikuwa na kelele nyingi kama ulivyodhani."

"Kwa hiyo nimepiga vigelegele kwa wati thelathini! Umenifanya zuzu!"

"Sehemu ya ishirini na tano," akasema. Hesabu haimtoki hata hapo. "Sikio tu la farasi, mama watoto. Lakini ulicheka. Nilikuwa nataka sana kukuona unacheka."

Roho ilinipasuka. Nikavuta droo yake ya spana, nikazikuta zile za arobaini zimefungwa ndani ya kitambaa. Nikazikaza mahali pake. Nikapandisha gauni magotini, nikapanda baiskeli, nikakanyaga. Nilikanyaga kwa hasira, kwa uchungu, kamasi zinanitoka, altaneta inalia, mpaka glopu zote mbili zikawaka nyeupe ukuta mzima ukaonekana, na lile shati ambalo sikuwa nimelitia vifungo bado likining'inia kwenye msumari.

"Paja hilo hapo!" nikapiga kelele. "Ninalo mimi! Niunganishie waya nikupe! Si wewe fundi? Niunganishie!"

Akaja polepole, ameshika ukuta, akaweka mkono wake juu ya usukani.

"Shuka, mama watoto," akasema. "Waya huo sina."