Tarehe Mgongoni mwa Kijiko

Hiltje alikuwa amelikubali jina la mtoto. Mumewe alipokwenda kumwandikisha mtoto, mama mkwe alimfuata hadi mlangoni akimkumbusha, na mtoto akaandikwa Sjoukje, kama dada yake aliyefariki mwaka juzi akiwa na miezi saba. Ndivyo walivyofanya watu wa mji wao wa Sneek tangu zamani: jina la marehemu humrudia anayefuata. Lakini suala la kijiko lilimshinda kulikubali.

Kilikuwa kijiko cha fedha cha ukoo, cha kuchorwa jina la mtoto na siku aliyozaliwa, kazi ya mafundi wa kale. Mpini wake ulisokotwa kama kamba, na kileleni alisimama mwanamke wa kimo cha ukucha, mtoto mmoja mkononi, mwingine akimvuta sketi. Kilitundikwa kwenye ubao wa sebuleni, mahali ambapo mgeni wa Jumapili hutupa macho kabla hajaketi kunywa chai. Mgongoni kilichorwa: Sjoukje, 3 Mei 1947. Sasa mama mkwe, Mama Akke, alitaka tarehe ile ikwanguliwe, ichorwe ya mtoto mpya kabla ya ubatizo.

"Jina lipo tayari," alisema wakiwa njiani kwenda kwa mfua fedha, kijiko kikiwa ndani ya leso. "Ni tarehe tu, mwanangu."

"Tarehe ndiyo yeye, Mama. Jina tumeshampa mwingine."

Mama Akke aliongeza mwendo.

Dukani walimkuta Fundi Wiebren akitafuna mkate wa sukari.

"Futeni viatu! Jana mke wa mchungaji kaniletea nusu shamba humu."

"Na wewe futa ndevu," Mama Akke akamjibu. "Makombo hayo kuku wawili wanashiba."

Fundi alicheka, akafuta mikono, akakipokea kijiko. Alipoelezwa kazi, hakugusa patasi. Alipitisha kidole gumba juu ya tarehe, akarudia, na kicheko kikamwisha.

"Hapa pamewahi kukwanguliwa. Pamebonyea."

"Haiwezekani," Hiltje alisema. "Palichorwa mwanangu alipozaliwa, mara moja tu."

Fundi akakisogeza kijiko mdomoni, akakipulizia pumzi ya moto. Fedha ikaingia ukungu, na ndani ya ukungu huo, chini ya tarehe ya mtoto, zikajitokeza tarakimu nyingine hafifu. Hiltje alizisoma kwa sauti: 19 Novemba 1919. Kisha zikatoweka.

Aligeuka. Mama Akke alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Wangu wa kwanza, naye Sjoukje," alisema. "Aliishi siku kumi na moja. Mama mkwe wangu akasema tarehe ifutwe, nafasi imsubiri binti atakayefuata. Wakaja wavulana watupu. Miaka ishirini na saba ninapangusa kijiko chenye jina lisilo na mtu, mpaka wewe ulipojifungua."

Hasira aliyokuja nayo Hiltje kutoka nyumbani haikupata tena pa kushika.

"Nikikwangua tena," Fundi alisema kwa upole, "patasi itatokea upande wa pili."

"Basi usikwangue. Huyu mdogo atatafutiwa chake." Mama Akke akainua uso. "Lakini ile yangu, Wiebren. Huwezi kuirudisha? Ndogo tu, pembeni."

"Fedha iliyobaki ni nyembamba mno, haibebi hata mstari mmoja. Nisamehe, Mama Akke."

Mama Akke akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, na tena, kana kwamba fundi bado alikuwa akisema.

Hiltje alikifunga kijiko kwenye leso. Tarehe ya mwanawe hakuna tena atakayeigusa. Alikuwa ameshinda. Nje alimshika mama mkwe wake mkono, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

"Alikuwa na nywele, Mama?"

Mama Akke alisimama.

"Nyingi. Nyeusi tii, katika ukoo mzima wa watu wenye nywele za rangi ya majani makavu! Baba yake alicheka hadi mkunga akamfukuza chumbani."

Kisha akaeleza mikono ya kichanga huyo ilivyokuwa, na namna alivyopiga chafya. Walikwenda hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Maziwa yalianza kumvuja Hiltje, mtoto alikuwa akingoja nyumbani, lakini hakumharakisha.