Habari Zilizopitia Liège

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Bibi Asiya alikuwa amekwisha kugombana na redio.

"Hali ni shwari jijini Bujumbura," msomaji wa habari alisema, na Asiya, amechutama mbele ya mbabula akipepea makaa, alimjibu: "Shwari ya kwako we, uliyelala nyuma ya ukuta wa askari." Kisha aliongeza sauti asije akapitwa na neno. Kuikosa redio hakuweza. Kuiamini ndiko kulikomshinda.

Alikuwa mtoto wa mjini, amezaliwa wakati Bujumbura bado ikiitwa Usumbura. Aliolewa na Shaabani, muuza vitenge wa mtaa wa Asiatique, wakapata binti mmoja tu, Khadidja. Shaabani alikufa kabla vita havijaanza, na zilikuwapo siku mkewe alimwonea wivu kwa hilo. Sasa vita vilikuwa vimeingia mwaka wa kumi. Duka alilipangisha kwa muuza sufuria, yeye akabaki na vyumba vya uani na baraza inayotazama barabara.

Barazani hapo alishonea Tajudini, fundi cherehani aliyezeeka pamoja na mashine yake. Wawili hao waliichambua dunia tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Tajudini aliamini kila kilichotoka redioni, hasa kikisemwa kwa Kifaransa.

"Wamekutana tena, Mama Khadidja. Wanatia sahihi. Safari hii itashika."

"Kila wakitia sahihi, sukari inapanda bei. Bora wasingejua kuandika."

"We hupendi amani?"

"Naipenda. Ila mi nataka kujua nani ananipiga. Zamani mutu akikupiga, ulijua jina lake na la baba yake, ukaenda kumushitaki kwa mama yake. Siku hizi tunapigwa na herufi. Chama hiki herufi nne, kile herufi tatu. Herufi ina mama?"

Tajudini alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Jambo la pili lililomsumbua Asiya lilikuwa telefone ya mkononi. Vijana walitembea barabarani wakisema peke yao kama waliopandwa na mashetani. Siku moja alimsikia kijana amesimama mbele ya baraza yake, anamenya karanga, anaapa kwenye telefone kwamba tayari amefika Mutanga Nord, yuko langoni, wamfungulie. Asiya alitaka kumnyang'anya kile kidude aseme, "Yuko hapa kwangu, msimfungulie!" Kwa maoni yake, telefone ilikuwa imewafundisha watu uongo wa aina mpya, uongo wa mahali mtu alipo.

Lakini na yeye alikuwa nayo. Khadidja alimtumia kutoka Ubelgiji, mjini Liège, ambako alikuwa akifanya kazi katika nyumba wanamowekwa wazee. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwasukuma kwenye viti vya magurudumu waone jua, jua likitokea. Asiya hakupenda kuiwazia sana nyumba hiyo. Wazee wengi kiasi hicho, na wote walikuwa na watoto!

Khadidja naye alikuwa na redio yake huko, redio ya Ulaya, na hiyo ikiitaja Burundi, ilitaja maiti tu. Haikusema kwamba siku hiyohiyo ndagala wa ziwani walijaa sokoni, wala kwamba binti wa jirani ameolewa kwa ngoma. Basi kila baada ya habari, telefone ililia.

"Mama! Nimesikia wamepiga tena mabomu!"

"Wapi? Mi nachambua maharage hapa. Kimya kabisa."

Mara nyingi ilikuwa kweli. Mara nyingine milio ilikuwa ikisikika kutoka milimani, na Asiya alifunga dirisha kwanza ndipo akapokea. Hakuuita uongo. Aliuita kumwacha mtoto afanye kazi yake.

Mwezi wa saba wa mwaka huo vita viliteremka mjini. Awali walikuwa wakivisikia huko juu kama ugomvi wa nyumba ya pili. Sasa viliingia mitaani, kwenye karitie za kusini, na watu wakaanza kumiminika barabarani na magodoro vichwani, mbuzi mkononi, watoto wameshikana shati kwa shati. Redio ikawaomba wananchi wawe watulivu. Cherehani ya Tajudini ikanyamaza.

Asiya alikuwa amesimama barazani alipomwona Léoncie. Huyu alikuwa mwanamke wa Musaga, huko kusini, ambaye kwa miaka mingi alimletea mboga ya lengalenga na maharage mabichi mlangoni. Leo hakuwa na kikapu. Alikuwa na mtoto mgongoni, wengine watatu nyuma yake, na mkononi amemshika mama mkwe wake, kizee aliyekuwa haoni vizuri.

"Mama Khadidja, naomba maji ya watoto tu. Halafu tunaendelea."

"Munaendelea wapi?"

Léoncie aliitazama barabara mbele yake, kisha nyuma.

"Ingieni," Asiya akasema. "We Tajudini, sogeza hiyo mashine, watu wapite."

Jioni, watoto walipokwisha kula, ndipo Léoncie alipoeleza lililokuwa likimla. Mumewe, Marcellin, alikuwa zamuni, mlinzi wa nyumba ya mkubwa mmoja huko Kigobe. Aliposikia milio upande wa kwao, alitupa kirungu chake akakimbilia Musaga kuwatafuta. Wakati huo wao walikuwa wamekwisha kutoka.

"Jirani alimuona anapanda, sisi tukishuka kwa njia nyingine," alisema. "Yoo, Mama Khadidja, tulipishana na mutu anayetutafuta!"

Kesho yake Tajudini alijitolea kwenda Kigobe kuuliza. Alirudi na jibu kwamba Marcellin hajaonekana na kwamba wamekwisha kuweka mlinzi mwingine. Nusu ya pili ya habari hiyo Asiya alimkataza kuisema mbele ya Léoncie. Simu za waya za kusini zilikuwa zimekufa. Barabara imefungwa na askari. Léoncie akawa anakaa kwenye kizingiti, na kila mwanamume aliyepita barabarani alimtazama miguu kwanza, kana kwamba angemjua Marcellin kwa mwendo.

Siku hiyo hiyo telefone ikalia.

"Mama, wanasema mji unaungua!"

"Nani anasema? Hapa kimya, mwanangu. Nachambua..."

Bomu likaanguka mahali fulani upande wa kusini. Sufuria za dukani zikatetemeka, mtoto mdogo akalia.

"Nini hiyo?"

"Radi."

"Radi? Mwezi wa saba, mama? Kiangazi?"

Asiya akamwashiria Léoncie amnyamazishe mtoto.

"Na huyo mutoto anayelia ni wa nani?"

Basi akamwambia. Akamwambia kuhusu mabomu, na Léoncie, na watoto, na kizee aliyelazwa kwenye kitanda kilichokuwa cha Khadidja mwenyewe.

"Mama, apana! Kuna vita, na we unajaza nyumba watu usiowajua!"

"Nawajua. Nimekula mboga zao miaka yote hii."

"Mi nataka uje huku. Nimekuambia mara ngapi? Nije nikuchukue, ukae na mimi, nikutunze."

"Utanitunza saa ngapi? Asubuhi mpaka jioni unaogesha mama za wenzako. Na mimi nani ataniogesha, Khadidja? Utanipeleka kwenye ile nyumba yenu, nisukumwe nione jua?"

Asiya alidhani laini imekatika, akakitikisa kidude. Kisha akasikia binti yake analia, kilio kile kile cha utotoni, cha kuvuta pumzi kwanza. Aliyatamani maneno yake yarudi mdomoni. Neno likishatoka halina kamba.

"Mwanangu, samahani. Sikukusudia."

"Hapana, mama. Unasema kweli." Khadidja akapenga kamasi. "Huyo mume wake anaitwa nani?"

"Marcellin."

"Nipe huyo mama."

Léoncie aliipokea telefone kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Alisema kwa Kirundi na Kiswahili vimechanganyika. Asiya alisikia jina la Marcellin, jina la kilima alikozaliwa, na jina la Bonfils, binamu wa Marcellin aliyekuwa huko huko Ubelgiji, Brussels, mtu ambaye Léoncie hakuwa na nambari yake na alimwona mara moja tu, siku ya harusi.

Asiya hakutarajia kitu. Lakini Khadidja, aliyezoea kupiga simu ili aogope, sasa alikuwa na sababu nyingine ya kupiga. Alimpigia Mrundi mmoja aliyemjua, huyo akampa mwingine, wa tatu akamwambia mkewe anasali kanisa moja na Bonfils. Adhuhuri ya siku ya pili telefone ikalia, Asiya akiwa ametandaza mkeka uani, Léoncie anachambua mchele.

"Mama, yuko hai!"

Marcellin alikuwa amekwama kwenye parokia moja ya kusini, pamoja na mamia ya wakimbizi. Alikuwa na jeraha la mguu, si kubwa. Padri alimwazima telefone yake, na yeye, kwa kuwa nambari pekee aliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya Bonfils, akampigia Bonfils Brussels, akamsihi: ukisikia lolote la Léoncie, niambie. Bonfils alikuwa akijiuliza aanzie wapi, ndipo Khadidja akampata.

Léoncie aliposikia hayo hakupiga kelele. Alisema tu, "Sawa, sawa," akaendelea kuchambua mchele. Asiya alipotazama vizuri aliona kwamba sasa anatupa punje na kubakiza mawe. Akamwondolea ungo taratibu, akamkumbatia, na hapo ndipo mwanamke yule alipolia.

Baadaye Tajudini aliitwa kusimuliwa. "Sayansi ni maajabu!" akasema.

"Ndiyo, maajabu," Asiya akajibu. "Na aibu pia. Kutoka parokia ile mpaka hapa mutu mzima anatembea asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana. Habari ya mume imfikie mkewe ndani ya mji mmoja, mpaka ipite Ulaya?"

Redioni walikuwa wakisema hali imedhibitiwa.

Barabara zilipofunguliwa Marcellin alikuja, anajikongoja na fimbo, ndevu zimemjaa. Mtoto mdogo alimkimbia. Mama yake Marcellin, asiyeona vizuri, alimpapasa uso kwa vidole vyote, akamaliza, akaanza upya. Asiya aliingia jikoni. Kulikuwa na wali wa kupakua, na macho yake hayakutaka kuonwa.

Walikaa kwake mpaka milio ilipokoma, kisha wakarudi Musaga, wakakuta nyumba haina milango wala mabati. Wiki chache baadaye Asiya alijifunga kitenge, akachukua sufuria mbili alizozikata kwenye kodi ya mpangaji wake, akapanda teksi hadi huko, yeye ambaye tangu vita vianze hakuwa amevuka mji kuelekea kusini. Alimkuta Marcellin juu ya kenchi, anapigilia mabati ya msaada, na watoto wanampokeza misumari. Walimkalisha kwenye kiti pekee kilichobaki.

Alikuwa bado anapumzika alipopigiwa simu.

"Mama, uko wapi? Kuna kelele."

"Niko Musaga."

"Musaga! Mama, redio inasema huko bado..."

"Inasema kweli, mwanangu, si pazuri. Nimeona kuta zenye matundu. Lakini wanaezeka, na Léoncie ameweka maharage motoni. Mi nitakula, halafu nitarudi kabla jua halijashuka." Akajipangusa jasho. "We umekula?"

"Bado, mama. Niko kazini. Kuna bibi mmoja hapa amekataa chakula, namubembeleza."

"Usimuharakishe," Asiya akasema. "Kaa naye kwanza. Muulize jina la kijiji chake."