Sahani Hairudi Tupu

Wakati wa vita, njia za kuingia mji wetu wa Kindu zilipofungwa na watu wakaogopa kwenda mashambani, mimi na jirani yangu Scholastique tulikuwa na sahani moja ya bati iliyovuka ua kila siku. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Akileta sombe, yaani kisamvu, ninarudisha kipande cha muhogo. Alikuwa akidai ameshakula, nami nilijua hajala. Siku moja alikosa kila kitu, akarudisha chumvi kidogo imefungwa kwenye jani. Tulicheka sana.

Vita ilipoisha, aliapa hatajinyima tena. Mimi tumbo lilishazoea kidogo. Mpaka leo ninakula nusu, na nusu nyingine inavuka ua.

Mwaka huu walimpima damu kwenye kituo cha afya, wakamwambia sukari inapanda, ila anaweza kuishusha kabla haijawa ugonjwa. Akaja kwangu kimya, yeye ambaye hata kwenye misa huambiwa anyamaze.

Mjukuu wangu Mounira, anayesomea udaktari, alikuwa likizo. Akamweleza kwamba nyuma ya tumbo kuna kongosho, na ndani yake seli zinazotengeneza insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu. Kila tukila zinaitwa kazini. Zikihangaishwa miaka mingi, zinachoka. Watafiti waliwapunguzia panya chakula kwa muda mrefu, wakaona seli hizo zinakawia kuzeeka.

"Basi niwe panya?" akauliza Scholastique. "Ile njaa nilishaila, mutoto wangu. Siirudilie."

Mounira akamjibu kwa upole kwamba njaa ya vita hubomoa mwili. Hii ni kupunguza tu, chakula kikiwa kizuri na daktari akiangalia. Kisha akamwuliza anakula nini kwa siku. Scholastique akataja wali wake, wali wangu, maandazi yangu, ndizi zangu za kukaanga.

Mounira akanigeukia. "Bibi, kumbe seli zako zinapumzika, za Mama Scholastique njo zinakufanyia kazi?"

Scholastique alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akafuta macho.

"Mama Nuru, wali nitaacha," akaniambia. "Sahani usinikatie."

Nilifikiri usiku huo, nikakumbuka kwamba hakuna aliyesema sahani ijae. Kesho yake akaniletea ndimu mbili. Nikarudisha fungu la matembele mabichi, apike mwenyewe kwa mawese kidogo. Yeye akaleta uyoga wa Kailo, mimi bilinganya. Asubuhi tukawa tunatembea pamoja mpaka mtoni, yeye akiongea njia nzima.

Alipopimwa tena, nilikaa mlangoni namsubiri. Alipita mbele yangu bila neno, akaingia kwake. Baadaye sahani ikavuka ua, na juu yake jani lililokunjwa vizuri. Nikalifungua.

Chumvi.

Nilisikia kicheko chake upande wa pili kabla sijaanza changu. Sukari ilikuwa imeshuka.